Nusu dozi haionekani kwenye mauzo

Watu wakisikia mauzo ya dawa yamepanda, wanakata shauri papo hapo kwamba tunameza kupita kiasi. Yakishuka, wanashusha pumzi. Mimi nasema hesabu hiyo ya jumla inadanganya pande zote mbili, na hapa Uganda inadanganya zaidi.

Chukua dawa mseto ya malaria, ambayo sote huiita Coartem hata ikitoka kiwanda kingine. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, kwa siku tatu. Sasa simama karibu na duka la dawa pale Busia, mwisho wa mwezi ukiwa bado mbali. "Musawo," yaani daktari, "nipatie ya elfu mbili tu, homa imenibana." Mkasi unatoka, karatasi ya vidonge inakatwa, biashara imekwisha. Hakuna aliyemtoboa mtu kidole kupima kama ni malaria kweli. Kwa anayehesabu maboksi, huyo mteja ametumia dawa kidogo, raia mwema kabisa. Kumbe homa yenyewe huenda ni ya kitu kingine, na kama ni malaria, vimelea vimeguswa tu na kuachwa hai. Mwaka 2021 watafiti walitoa ushahidi kutoka kaskazini mwa nchi hii wa vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto hiyo, tena usugu ulioonekana kuzuka hapa hapa Afrika, si wa kuletwa kutoka Asia. Sisemi mkasi wa Busia ndio uliouzaa. Nasema mkasi huo haumo kwenye takwimu za mauzo.

Kuna na upande wa pili. Vituo vya afya vya serikali viliacha kutoza ada mwaka 2001, na dawa zake hutoka bohari kuu ya taifa. Zikiisha rafuni, mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue nje. Mauzo ya mtaani yanapanda wiki hiyo, ila mgonjwa ni yule yule na kidonge ni kile kile. Nani ametumia vibaya hapo?

Haya, nisionekane kama nawatetea wauzaji. Zipo dawa ambazo mauzo yake yalitangulia na maafa yakafuata nyuma. Marekani, kati ya 1999 na 2010, mauzo ya vidonge vya maumivu vya jamii ya opioidi yaliongezeka mara nne, na vifo vilivyotokana navyo vikaongezeka takriban mara nne vilevile. Kampuni iliyohusika na OxyContin, mojawapo ya vidonge hivyo, ilikiri mahakamani mwaka 2007 kwamba ilipotosha watu kuhusu hatari ya uraibu. Pale kila kidonge cha ziada kilikuwa faida ya mtu.

Lakini morfini, ndugu yake wa karibu, ina historia nyingine kabisa Kampala. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilizoesha nchi morfini ya maji ya kunywa, inayochanganywa kutokana na unga, na mgonjwa wa saratani anaipata bure. Tangu 2004 hata wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kutuliza mateso ya wagonjwa mahututi, wanaruhusiwa kuiandika. Morfini ikitumika zaidi huku kwetu, mimi nitashangilia, kwa sababu maana yake ni watu wachache zaidi wanaokufa wakilia.

Kwa hiyo swali langu ni nani anapata nini kidonge kinapotoka. Muuzaji wa duka la dawa anaishi kwa kile anachouza. Kwa sheria leseni yake ni ya dawa za daraja C, zile zisizohitaji karatasi ya daktari, na antibiotiki nyingi ni za famasi kwa karatasi ya daktari, lakini akimwambia mama mwenye mtoto anayekohoa "hii ni mafua, mpe maji na umsubiri", siku hiyo analala bila shilingi. Mamlaka ya Dawa ikifunga maduka, kijiji kinabaki bila hata panado. Ningependa kuona muuzaji akilipwa kitu kwa kupima, hata jibu likiwa "huna malaria", na mkaguzi anapokuja aulize ni dozi ngapi zilizotoka kamili, badala ya kuhesabu maboksi yaliyobaki.