Asilimia 80 ya urefu, na wanaotaka tunyamaze

Hapa Bukavu wako wasomi wanaoshikilia kwamba tafiti zinazohusisha jeni, yaani chembe za urithi tunazopata kwa wazazi, na tabia zibaki kwa wataalamu, zisifike redioni. Hofu yao ina msingi. Kivu tunajua maana ya mtu kuhukumiwa kwa sura yake, na ng'ambo ya ziwa, nchini Rwanda, Wabelgiji walipima pua na vichwa vya watu kwa jina la sayansi. Mwaka 2022, kijana aliyewaua Weusi 10 huko Buffalo, Marekani, aliutaja katika waraka wake utafiti halisi wa 2018 kuhusu jeni na miaka ya masomo, ingawa watafiti wenyewe walikuwa wameuambatanisha na maelezo marefu ya tahadhari.

Lakini kunyamaza hakuzuii takwimu kusafiri. Huzuia tu maelezo yake. Tuutazame urefu wa mwili. Katika nchi tajiri, takriban asilimia 80 ya tofauti za urefu kati ya watu huendana na tofauti za jeni zao. Asiyeelezwa hudhani kwamba kimo cha mtoto kimekwisha kuamuliwa tumboni na chakula hakina kazi, ilhali takwimu hiyo haimzungumzii mtu mmoja: inahusu kundi fulani katika mazingira fulani. Pale ambapo karibu kila mtoto anashiba, chakula hakiwezi tena kuwatofautisha sana, kwa hiyo zinazobaki kuonekana ni jeni. Kwetu Kongo, uchunguzi wa afya wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Anayeichukua ile 80 ili aeleze kwa nini mtoto wa Walungu, hapa Kivu Kusini, ni mfupi kuliko wa Brussels amekosea, tena kosa lake linampa udhuru yule aliyepaswa kumlisha.

Ikiwa urefu, unaopimwa kwa futi, unapotosha hivyo, masomo je? Utafiti ule wa 2018 ulihusu watu zaidi ya milioni 1.1 wenye asili ya Ulaya, na kipimo kilichotokana nao, kinachojumlisha athari ndogo za jeni nyingi, kilieleza asilimia 11 hadi 13 ya tofauti za masomo kati yao. Kwa Wamarekani Weusi hakikufikia hata 2. Kipimo kinachofifia hivyo nje ya kundi lake hakifai kulinganisha makundi, na mzazi anayelijua hilo ana la kumjibu mbaguzi.

Tahadhari za watafiti hao ziliandikwa kwa Kiingereza. Hapo nakubaliana na wenye hofu: mtangazaji asiye na maelezo hayo kwa Kiswahili asizisome asilimia za utafiti huo hewani mpaka ayapate.