Hedi mbadala zikubaliwe, lakini zihesabiwe peke yake

Katika mbio za drag za Marekani, ambako magari mawili hushindana kwenye njia fupi iliyonyooka, kundi la Stock Eliminator la NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, linasimama juu ya sharti moja kuu: injini ibaki karibu na ilivyotoka kiwandani. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini chenye valvu na njia za hewa, iwe ya kiwanda, yenye namba iliyosubiwa kwenye chuma chake, au mbadala ambayo NHRA yenyewe imeikubali. Kuchonga njia za hewa ni marufuku. Ubishi uko kwenye hizo mbadala: ziruhusiwe kwa upana gani?

Wanaozitaka wana hoja nzito. Chukua hedi ya Chevrolet namba 3782461, ile yenye nundu mbili kwenye ncha zake, ya injini za inchi za ujazo 327 za miaka ya 1960. Fundi anaisafisha, anaipitishia sumaku, ananyunyiza unga wa chuma, na unga unajipanga mstari mwembamba kati ya viti viwili vya valvu. Ufa. Anachukua nyingine, ufa tena. Chuma hicho kimepata moto na kupoa kwa zaidi ya miaka 50. Zilizobaki nzima zinazidi kuadimika, na mwenye nayo ndiye anayepanga bei. Kumwambia kijana asiyeipata akae nje ya mbio ni kuua mchezo wenyewe polepole.

Lakini wanaopinga nao wameona kitu. Mbadala ya alumini ni nyepesi kuliko ya chuma. Gari litajaziwa uzani hadi litimize uzito wa daraja, ila uzani huo sasa unaweza kukaa nyuma, tairi zinakouma. Kisha kuna kipimo chenyewe. Mkaguzi anafunika chumba cha mwako kwa bamba la plastiki angavu, grisi kidogo ukingoni, anashusha maji ya rangi kutoka kwenye bureti mpaka kiputo cha mwisho kitoke, anasoma sentimita za ujazo. Ujazo anaupata, lakini umbo hapana. Ndivyo ilivyo kwa njia za hewa pia: mbili za ujazo uleule zinaweza kupitisha hewa kwa viwango tofauti kabisa.

Wengine hujibu kwamba kila dereva anatangaza muda wake na mwenye gari la polepole anatangulizwa, kwa hiyo tofauti hiyo haina uzito. Si kweli siku magari mawili ya daraja moja yanapokutana. Hapo yanaondoka pamoja, na wa kwanza kufika ndiye mshindi.

Linaloniuma zaidi ni hesabu ya nguvu. Daraja hupatikana kwa kugawa uzito wa gari kwa nguvu za farasi ambazo NHRA imeipangia injini. Gari likimaliza kwa muda mfupi mno kuliko muda wa rejea wa daraja lake, nguvu zilizopangiwa injini yake hupandishwa, na wote wenye injini hiyo hubeba mzigo. Basi mwenye hedi mpya akikimbia vizuri kupita kiasi, anayeumia pamoja naye ni yule aliyebaki na chuma cha babu yake.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuzikubali, kwa masharti mawili. Pamoja na ujazo, umbo la njia za hewa likaguliwe kwa kipande cha mfano kinachopimishwa ndani. Na injini yenye hedi mbadala iandikwe kama injini tofauti, yenye nguvu zake za farasi, ili ikipandishiwa, mwenye hedi ya zamani kama ile ya 3782461 aendelee na hesabu yake ya zamani.