Majani ya mstafeli na kichwa cha mjomba

Ule ujumbe wa kwamba majani ya mstafeli yanaponya saratani umerudi tena kwenye grupu la ukoo, na safari hii mtumaji ana shahada. "Una nguvu mara 10,000 kuliko kemo. Sambaza uokoe maisha."

Mjomba ana glioblastoma, saratani ya ubongo, daraja la nne. Alianzia hospitali ya Bombo, Tanga, na kichwa kisichopoa, akapelekwa Dar, akapasuliwa, akapigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Sasa yuko kwake Ngamiani.

Hiyo 10,000 ina chanzo. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walijaribu kemikali ya mbegu za stafeli kwenye seli za saratani ya utumbo, maabara. Mbegu, si majani. Utumbo, si ubongo. Hakuna mtu aliyekunywa kitu. Tena kuna jingine wasambazaji hawalitaji: kisiwani Guadeloupe, tangu 1999, wanywaji wa mstafeli wamehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka, na kemikali ya annonacin iliyomo humo huua seli za neva maabara. Hongereni, ndiyo dawa mliyomchagulia mgonjwa wa ubongo!

Lakini kilichonipandisha mori ni mstari wa mwisho: "Acha kwanza dawa za hospitali, mwili usafike." Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta chupa ya chai imejaa maji ya majani, na bahasha ya deksamethasoni imesukumwa nyuma ya kopo la sukari.

"Nimempumzisha na makemikali, mwanangu," akaniambia mkazamjomba.

Vidonge vile, vya jamii ya homoni, ndivyo vinavyozuia ubongo usivimbe. Ukivikata ghafla, uvimbe unarudi, na mwili uliozoea kuletewa homoni haujaanza kujitengenezea yake. Mjomba alikuwa ameshaanza kutapika.

Wale wa "amebakiza miezi 15" sina nguvu nao leo. Hiyo ni katikati tu: karibu nusu ya wagonjwa huivuka.

Haya, nakubali, japo kwa shingo upande: mkazamjomba aliikimbilia simu kwa sababu simu inaongea Kiswahili na haina foleni. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa Kiingereza kitupu, na maelezo ya maana mtandaoni nayo ni hivyo hivyo.

Kurasa mbili za Kiswahili zingetosha. Kidonge kipi hakikatwi bila daktari, dalili gani usingoje kuche, upige namba gani. Wampe mtu mkononi pale dirisha la dawa, kwa herufi kubwa, maana miwani ya mkazamjomba imevunjika mkono mmoja.