Safari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ipangwe kwa saa za mlo

Wasafiri wengi wanaovuka kwenda Unguja kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huupa Mji Mkongwe nusu siku tu. Wanashuka bandarini, mtaa wa Malindi, wanapitishwa mbele ya majengo mawili matatu, wanakula kwenye bustani ya Forodhani usiku mmoja, na alfajiri ya pili gari imeshawapeleka kwenye fukwe za Nungwi au Paje. Ninaamini kwa dhati kwamba mpango wa namna hiyo unauonea mji na unamnyima msafiri kitu ambacho hatakipata ufukweni. Huu ndio mji ambao Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliupendelea kuliko Muscat akauhamishia makao yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ukawa kiti cha dola iliyotawala biashara ya mwambao na ya njia za misafara hadi maziwa makuu, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu anayekuja kwa ajili ya kuona na kula aupe siku tatu zisizoguswa na ufukwe, na siku hizo azipange kwa kufuata saa ambazo wenyeji wanakula. Orodha ya majengo ije baadaye.

Ninasema hivyo kwa sababu chakula cha mjini Unguja kina saa zake, na saa hizo hazimsubiri mgeni. Supu, chapati, vitumbua na maharage ya nazi ni vya asubuhi. Kufika saa nne za mchana huenda vimekwisha. Pilau na biriani ni vya adhuhuri, na mahali pazuri sufuria huwa tupu muda si mrefu baada ya sala. Urojo ni wa alasiri, mishikaki na pweza ni vya baada ya magharibi, na kahawa ya barazani huhuishwa zaidi jua linapopungua. Makumbusho na majumba yanaweza kuonwa saa yoyote ya mchana iliyo baina ya milo hiyo, kwa hiyo ndiyo yanayopaswa kujazwa katikati.

Kabla ya kukata tiketi, tazama kwanza kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mvua: masika ya kuanzia Machi hadi Mei hujaza vichochoro maji, huwafukuza wauzaji wa barabarani, na hakuna raha ya kula ukiwa umesimama chini ya bati linalovuja. Kalenda ya pili ni ya Kiislamu. Katika mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za kulia hufungwa mchana, na mgeni asiyefunga anapaswa kujistahi asile wala kunywa hadharani. Wapo wanaouepuka mwezi huo kabisa, lakini mimi siwaungi mkono moja kwa moja. Mwenye jamaa au rafiki mjini atakayemkaribisha futari atakutana na meza ambayo miezi mingine haionekani ikiwa kamili hivyo: uji, tambi, kaimati, muhogo na ndizi za nazi, sambusa, tende, na jirani akigonga mlango kuleta bakuli la chakula alichopika kwake. Asiye na mwenyeji achague miezi ya Juni hadi Septemba, hali ya hewa ikiwa na ubaridi kidogo, huku akijua kwamba upepo wa kusi huichafua bahari na wenye matumbo mepesi watataabika katika safari ya boti ya takriban saa mbili kutoka Dar es Salaam.

Asubuhi ya kwanza ningeupa mtaa wa Mkunazini peke yake. Hapo ndipo palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Uingereza, na mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaweka msingi wa kanisa kuu ambalo bado limesimama. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs. Ndani amezikwa Askofu Edward Steere, ambaye wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kumkumbuka kwa kazi yake ya awali ya sarufi na tafsiri katika lugha yetu. Kinachoniumiza ni kuona mahali hapa pakibanwa kwenye ratiba baina ya chakula cha mchana na ziara ya mashamba ya viungo, watu wakipewa dakika chache za kupiga picha kisha wakiharakishwa garini. Aende mtu asubuhi na mapema, asome maelezo yote, akae, na asipange mlo wowote mara baada ya hapo.

Tena mahali hapo hapako mbali na sahani kama wengi wanavyodhani. Karafuu inayonukia kwenye pilau ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na mashamba yaliyoufanya mji huu utajirike yalilimwa kwa nguvu za watu waliouzwa katika masoko kama hilo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Anayekula pilau mjini akiwa ameshapita Mkunazini anajua gharama ya viungo vile ilikuwa nini na nani aliilipa, na kwangu hiyo ni sehemu ya kuijua jikoni ya Zanzibar, sawa na kujua kipimo cha bizari.

Alasiri ni ya urojo, na hapa sikubali mjadala. Mchuzi wake wa manjano, unaoshikwa kwa unga na kutiwa uchachu wa embe mbichi au ndimu, humwagwa juu ya vipande vya mbatata, bajia na kachori, ukaongezwa mishikaki, yai la kuchemsha, chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba ili zibaki kavu kwa dakika chache za mwanzo. Bakuli moja linabeba historia yote ya bandari: bajia na kachori zenye asili ya Bara Hindi, muhogo na pilipili zilizotoka mabara ya Amerika zikaletwa na merikebu za Wareno, nazi inayolimwa mwambao wenyewe. Kila muuzaji ana mkono wake, wengine wakiufanya mzito na mtamu, wengine mwepesi na mkali, na namna pekee ya kujua ni kula kwa zaidi ya mmoja. Ombi langu kwa msafiri ni kwamba asile urojo wake wote ndani ya Mji Mkongwe. Avuke barabara ya Darajani aingie Ng'ambo.

Ng'ambo imesahauliwa mno na waandikaji wa safari. Zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na upande wa pili, palipokuwa na nyumba za udongo na makuti za watu walioujenga na kuulisha mji ule. Mkono huo ulifukiwa, na leo kuvuka ni suala la kungojea magari yapungue. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga Michenzani majumba marefu ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na mpangilio wake bado unaonekana wazi ukisimama kwenye mzunguko wa barabara. Jioni, chini na pembeni ya majumba hayo, familia zinakula kwa bei ambazo hazikupangwa kwa ajili ya watalii. Siwezi kumhesabu mtu kuwa ameuona mji wa Zanzibar ikiwa ameishia upande wenye milango ya nakshi.

Forodhani, kwa upande wake, inastahili jioni moja, si zaidi. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na hakuna pahala pazuri pa kukaa jua likizama huku vijana wakiruka baharini. Kunywa maji ya miwa yaliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, kula ile chapati ya kukunjwa yenye nyama na yai ambayo wageni huiita piza ya Zanzibar, lakini uwe mwangalifu na mishikaki ya samaki na kamba iliyopangwa mezani kwa muda mrefu. Uliza bei kabla ya kuonja, na kaa kwenye meza ambayo wenyeji wenyewe wanakwenda. Mbele ya bustani liko Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Barghash mwaka 1883, lililonusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896 katika vita isiyofika saa moja, kisha sehemu yake ikaporomoka Disemba 25, 2020. Usiifanye ziara ya ndani ya jumba hilo kuwa nguzo ya ratiba yako. Lione kwa nje, na muda wako uupe Ngome Kongwe iliyo jirani, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17.

Kuhusu kahawa, nenda Jaws Corner, njia panda ya vichochoro ndani ya Mji Mkongwe, wakati wa alasiri, salimia vizuri, waamkie wazee shikamoo, ukae barazani. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo, na kashata huliwa pembeni. Wanawake wanaosafiri peke yao wameniambia kwamba baraza hiyo ni ya wanaume zaidi, na ni kweli. Kwao ningependekeza waende na mwenyeji, au wakae kwenye mikahawa ya karibu. Mavazi ya heshima yanafungua mazungumzo mengi kuliko fedha, kwa wanaume na wanawake.

Magofu ya Mtoni na Maruhubi, kaskazini mwa mji, yanatosha kwa asubuhi moja kwa daladala. Mtoni ndipo alipozaliwa Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844, na Maruhubi ni kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899 likabaki nguzo. Rudi mjini kabla ya adhuhuri ili upate biriani.

Manunuzi yaachwe siku ya mwisho, yafanyike Darajani, mahali wanaponunua watu wa mji: karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga hupimwa kwa kilo mbele yako, na si katika vikapu vya makuti vilivyofungwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Halua inunuliwe ikiwa mbichi, siku ileile ya kuondoka. Chukua boti ya alasiri badala ya ile ya asubuhi, ubebe kitambulisho kwa kuwa hutapanda bila hicho, na ile asubuhi iliyobaki uitumie kwa supu.