Kukataza Nako ni Dawa: Karanga, Mzio na Miongozo Iliyogeuka

Mzazi wa Marekani aliyejifungua mwaka 2001 mtoto mwenye ukurutu mkali wa ngozi, katika familia yenye historia ya mzio, aliambiwa asimpe mtoto huyo karanga mpaka atimize miaka mitatu. Kama alijaliwa mwingine mwaka 2018, mwenye ngozi ya namna ileile, aliambiwa ampime mapema kisha aanze kumlisha karanga kati ya miezi minne na sita. Huenda hata daktari alikuwa yuleyule.

Habari kama hii huzaa makundi mawili. La kwanza hucheka: leo kitu ni sumu, kesho ni chakula, kesho kutwa tutaambiwa nini tena? La pili hujibu kwamba ndivyo sayansi inavyokwenda, hukosea ikajirekebisha, na anayelalamika haelewi. Nimeyasikia yote mawili mara nyingi, na yote naona yanakimbia swali lenyewe. Swali ni hili: ushauri wa awali ulikosea wapi hasa? Je, ni kwa sababu wataalamu walisema bila kujua, au kwa sababu walisema kwa namna fulani isiyofaa? Majibu hayo mawili yana madai tofauti kwa watakaoandika miongozo ya kesho.

Tuwatendee haki kwanza. Miaka ya 1990 madaktari wa Uingereza na Marekani waliona watoto wengi zaidi wakivimba midomo, wakikosa pumzi, wengine wakizimia baada ya kula karanga kidogo tu. Mzazi aliyeona mtoto wake wa kwanza akipelekwa hospitali namna hiyo alirudi akiwa na mimba ya pili akauliza afanye nini. Kumwambia "hatujui, fanya utakavyo" si jibu. Mwaka 1998 kamati ya wataalamu iliyoishauri serikali ya Uingereza ikapendekeza kwamba, katika familia zenye historia ya mzio, wajawazito na wanaonyonyesha wajiepushe na karanga, na watoto wao wasipewe mpaka wafike miaka mitatu. Mwaka 2000 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kikatoa ushauri unaofanana na huo kwa watoto walio katika hatari kubwa.

Hoja yao ilikuwa rahisi, na ukiisikia kwa mara ya kwanza unaikubali. Mwili hauwezi kukichukia kitu ambacho haujawahi kukutana nacho. Mcheleweshe mtoto, utumbo wake ukomae, kisha mpe. Kinga ni bora kuliko tiba, si ndivyo tunavyosema?

Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa akikutana na karanga hata hivyo, ila kwa njia nyingine. Katika nyumba ambayo watu wazima wanakula karanga, vumbi lake liko kwenye meza, kwenye shuka, kwenye vidole vya anayembeba mtoto. Ngozi nzima huzuia. Ngozi yenye ukurutu ina nyufa, na protini za karanga hupenya humo. Seli za kinga zilizo chini ya ngozi zimezoea kupambana na wavamizi, kwa hiyo zikikutana na protini ngeni mahali palipovimba huiandikisha kama adui. Utumbo ni kinyume chake: kazi yake kubwa kila siku ni kupokea vitu vigeni bila kupigana navyo. Kitu kikiingia kwa mdomo mapema, mfumo wa kinga hujifunza kukivumilia. Nadharia hii ya njia mbili inahusishwa sana na Gideon Lack, mtaalamu wa mzio wa watoto huko London. Ikiwa ni sahihi, basi katazo la mwaka 1998 lilifunga mlango wa wageni likaacha ule wa wezi.

Mwaka 2008 Lack na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Kiyahudi wanaosoma Uingereza na wale wa Israel. Walichaguliwa hivyo ili nasaba zao zikaribiane. Mzio wa karanga ulikutwa kwa asilimia 1.85 ya watoto wa Uingereza na asilimia 0.17 ya wale wa Israel, tofauti ya mara kumi. Wachanga wa Israel walikuwa wakila karanga tangu kabla ya kutimiza mwaka, hasa kupitia kitafunwa laini kiitwacho Bamba, wakati wenzao wa Uingereza karibu hawakula kabisa. Mwaka huohuo Chama cha Marekani kiliufuta ushauri wake wa kuchelewesha, kikisema ushahidi wa kuuunga mkono hautoshi. Kufuta huko, hata hivyo, hakukumpa mzazi jambo la kufanya. Kwa miaka saba hivi, kliniki nyingi ziliendelea na mazoea ya zamani kwa sababu tu hakuna aliyeziambia zianze mapya.

Jibu thabiti lilikuja mwaka 2015, katika jaribio lililojulikana kama LEAP. Wachanga 640 wa miezi minne hadi kumi na moja, wote wenye ukurutu mkali au mzio wa yai au vyote viwili, waligawanywa kwa kura. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara kila wiki, nusu waliepushwa. Walipofika miaka mitano, asilimia 17.2 ya walioepushwa walikuwa na mzio wa karanga, dhidi ya asilimia 3.2 ya waliolishwa. Si mara nyingi utafiti wa lishe ya watoto unatoa tofauti kubwa kiasi hicho. Mwaka 2024 ikatoka taarifa ya wale waliofuatiliwa mpaka ujana wa mapema, baada ya miaka kadhaa ya kuachwa wale watakacho: asilimia 15.4 kwa kundi la walioepushwa, asilimia 4.4 kwa kundi la waliolishwa. Kinga waliyoipata utotoni ilibaki hata kwa waliokuwa wameacha kula karanga.

Kwa hiyo katazo halikuwa bila gharama. Kwa baadhi ya watoto, inaelekea katazo lenyewe ndilo lililowaletea ugonjwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowatetea waandishi wa miongozo ile kwa kusema "walifanya waliloweza kwa walichokijua". Walichokijua kilikuwa kidogo, hilo halina lawama. Lawama ni kwamba walipokosa ushahidi waliegemea kwenye kukataza, kana kwamba kumzuia mtu kitu ni sawa na kukaa kimya. Dawa mpya haiwezi kupewa watoto wachanga bila majaribio. Katazo jipya lilipewa maelfu ya watoto bila jaribio kubwa la kugawanya kwa kura lililolipima katazo la karanga peke yake, kwa kuwa hatulihesabu kama dawa. Lakini kukataza nako ni dawa. Kunaingia mwilini kwa kutokuingiza kitu, na kuna madhara yake.

Karanga haziko peke yake katika hili. Kwa miongo kadhaa baada ya katikati ya karne ya ishirini, wazazi katika nchi nyingi za Magharibi walishauriwa kumlaza mtoto mchanga kifudifudi, kwa hoja kwamba akilala chali na kutapika atapaliwa. Nayo ni hoja ambayo ukiisikia unaikubali. Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake wa London walirudi nyuma na kukusanya tafiti zote zilizokuwepo. Walionyesha kwamba kufikia mwaka 1970 takwimu zilizokwisha kuchapishwa zilitosha kubaini kuwa kulala kifudifudi kunaongeza vifo vya ghafla vya wachanga. Kama kuna mtu angezijumlisha wakati ule, walikadiria, zaidi ya vifo 10,000 vingeepukika Uingereza, na si chini ya 50,000 tukiongeza nchi nyingine za Ulaya, Marekani na Australasia. Kampeni za kumlaza mtoto chali zilienea miaka ya 1990, na Marekani peke yake vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika muda wa mwongo mmoja.

Kisa hiki ni kizito kuliko cha karanga, na hakisemi kitu kilekile. Kwa karanga, ushahidi haukuwepo, watu wakasema. Kwa usingizi, ushahidi ulikuwepo umetapakaa kwenye majarida, na hakuna aliyeukusanya. Anayesema "tusubiri ushahidi kamili ndipo tutoe mwongozo" akumbuke kwamba kusubiri pia kumewahi kuua.

Kuna kisa cha tatu, kilichotokea Afrika Mashariki. Mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mzunguko dhaifu wa damu alikuwa anawekewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Kila kitabu cha dharura kilisema hivyo. Mwaka 2011 jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, liliwagawanya kwa kura watoto zaidi ya 3,000. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda. Wapinzani walikuwa na hoja yenye uzito: hospitali zile hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi, wengi wa watoto walikuwa na malaria, hivyo matokeo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwingineko. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili, kwani mwongozo wa awali nao ulikuwa umehamishiwa kwenye hospitali hizo bila kujaribiwa humo. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake wa huduma za dharura kwa watoto mwaka 2016, miaka mitano baadaye.

Nirudi kwenye karanga, maana sasa hatari imehamia upande wa pili. Shauku ya LEAP imewafanya baadhi ya watu kuhubiri kwamba kila mtoto apewe kila chakula chenye mzio, mapema iwezekanavyo. LEAP haikusema hivyo. Iliwahusu watoto wa hatari kubwa, na wale ambao ngozi zao ziliitikia kwa nguvu kwenye kipimo waliachwa nje tangu mwanzo. Jaribio jingine la Uingereza, EAT, lililochapishwa mwaka 2016, liliwachukua watoto 1,303 wa kawaida wanaonyonya, likajaribu kuwaanzishia vyakula sita tangu miezi mitatu. Matokeo ya jumla hayakutofautiana kiasi cha kuaminika. Waliofuata ratiba kikamilifu walionekana kunufaika, hasa kwa karanga na yai, lakini chini ya nusu ndio walioimudu. Yeyote aliyewahi kumlisha mtoto wa miezi minne anajua kwa nini.

Hata idadi za mitaani hazisemi kwa sauti moja. Australia ilibadili mwongozo mwaka 2016. Huko Melbourne, mzio wa karanga kwa watoto wa mwaka mmoja ulishuka kutoka asilimia 3.1 hadi 2.6, tofauti ndogo inayoweza kuwa ya bahati. Uchambuzi wa kumbukumbu za kliniki za Marekani uliotoka mwaka 2025 ulikuta upungufu mkubwa zaidi, wa zaidi ya asilimia 40 baada ya mwongozo uliopanuliwa wa 2017. Ni habari njema, ila kumbukumbu za kliniki huhesabu waliogunduliwa, na namna ya kugundua nayo hubadilika. Ninaamini mwelekeo, ukubwa wake siwezi kuuapia.

Halafu kuna maziwa ya mama. Mwongozo wa Marekani wa 2017 unapendekeza mtoto wa hatari kubwa aanze karanga kati ya miezi minne na sita, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye tu mpaka miezi sita. Wengine huona ugomvi hapo. Mimi naona maswali mawili tofauti. Mmoja anauliza jinsi ya kumkinga na mzio mtoto mmoja mwenye ngozi iliyochanika, karibu na daktari mwenye vipimo. Mwingine anauliza jinsi ya kuwakinga mamilioni dhidi ya kuhara na utapiamlo, wengi wao mahali ambapo maji ya kuchanganyia uji hayaaminiki. Mtoto asiye na ukurutu wala mzio wa yai hapotezi kitu kikubwa kwa kungoja miezi sita. Mwenye ukurutu mkali ana sababu ya kupelekwa kwa daktari mapema, si kuanzishiwa nyumbani kwa kubahatisha. Na kwa wote karanga iwe ya kusagwa, laini, iliyozimuliwa. Karanga nzima humpalia mtoto mdogo, na hilo halijabadilika katika mwongozo wowote.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa vyakula vya nyongeza, na kipengele cha kuanza miezi sita kimewekewa alama mbili: pendekezo ni la nguvu, uhakika wa ushahidi ni mdogo. Hivyo ndivyo ningependa wataalamu wa 1998 wangesema. Mzazi angeambiwa la kufanya, na papo hapo angejua kwamba linaweza kugeuka. Ila alama hizo zimo kwenye hati yenye kurasa nyingi inayosomwa na wachache. Kwenye bango la kliniki linabaki neno moja, "miezi sita", kama lilivyobaki zamani neno "miaka mitatu".