Nani alikuangalia ukifundisha?

Mwezi wa saba uliopita, mtoto wa dada yangu aliingia kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, na simu mkononi. Hata kukaa hajakaa, akaniwekea kioo mbele ya macho. Cheti. Jina lake lote kwa herufi za madoido, chini mhuri wa rangi ya dhahabu, juu maneno ya Kiingereza. "Tantini, sasa miye ni asistanti ya mwalimu."

Alikuwa amelipa dola 45, pesa aliyoiweka kidogo kidogo kwa kuuza mega, yaani bando za intaneti, mbele ya lango la nyumba. Mafunzo yenyewe aliyamaliza kwa siku nne. Kila sura ilikuwa na maswali ya kuchagua jibu, na ukikosa unarudia mpaka upate. Nikamuuliza kama kuna mtu anayeshindwa. Akafikiri kidogo, akasema sijui, labda mtu ambaye mega zimemwishia.

Wiki mbili baadaye akaitwa na shule moja ya binafsi mjini yenye maternele, yaani chekechea. Direktrisi aliitazama simu, akairudisha, akauliza swali moja tu: "Nani alikuangaliaka ukiwa mbele ya batoto?" Hakuna. Basi akapelekwa kwenye klasi ya watoto wa miaka minne, dakika ishirini, tuone. Alirudi nyumbani na alama ya meno kwenye mkono, na simu ya kumwita tena haikulia.

Nilicheka, siwezi kukana. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nimefundisha mwaka wa kwanza wa primeri kwa miaka 17, na kila likizo kubwa vijana kama yeye wananifuata na swali lilelile: nichukue cheti gani ili nipate kazi ya kumsaidia mwalimu klasini? Ninawajibu mmoja mmoja, mlangoni, huku bukari inapoa. Leo naandika mara moja.

Ninavyoona mimi, swali la yule direktrisi ndilo la kuuliza kabla ya kutoa hata franka moja. Katika mafunzo haya, kuna siku mtu anayejua kazi atakaa nyuma ya klasi na daftari, aniangalie nikikosea, kisha aniambie? Kama siku hiyo haipo, ulichonunua ni risiti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba waliomuuzia cheti kile walitumia jina la Uingereza kuuza kitu ambacho huko kwenyewe hakingekufikisha mbali. Kule hakuna sheria inayotaja karatasi moja ya lazima kwa msaidizi wa mwalimu. Kila shule inajiamulia, na mara nyingi inaanza kwa kutaka uwe umefaulu Kiingereza na hesabu, halafu inapekua kama una historia ya uhalifu kabla hujakaribia watoto. Vyeti vyenyewe vina ngazi. Ya 2 ni ya anayeanza. Ya 3 ni ya mtu aliyekwisha kuzoea klasi kidogo, na kwa kiwango cha ugumu inalingana na mitihani wanayofanya vijana wao wakiwa na miaka 18. Ila ngazi peke yake haikuambii yote, angalia na jina. Zile fupi zinazoitwa Award kwa kawaida ni za maarifa tu, unaweza kuzimaliza nyumbani ukiwa umelala. Zinazoitwa Certificate au Diploma za kazi hii zinakutaka uwe ndani ya shule halisi, na mkaguzi anapima unachofanya na watoto.

Ya mtoto wetu iliandikwa Award. Shirika la mitihani, kama vile NCFE, halikutajwa popote. Tukakaa wawili usiku, tukaingia kwenye orodha ya Ofqual, chombo cha serikali kinachosimamia mitihani na vyeti vya England. Orodha iko wazi kwa kila mtu na haidai malipo. Tulitafuta kwa jina, tukatafuta kwa namba. Hakuna kitu. Dakika kumi za kutafuta, na mega zake zilikuwa zake mwenyewe za biashara. Kama angefanya hivyo mwezi wa sita, dola 45 zingekuwa bado kwenye kopo.

Na hata kingekuwa cha kweli, direktrisi wa Lubumbashi halazimiki kukijua.

Wapo watakaoniambia: msaidizi anafungua chupa za maji na kupeleka watoto chooni, mafunzo ya nini? Nawajibu kwa mambo ya hukohuko. Kati ya 2003 na 2009, Peter Blatchford na wenzake wa Institute of Education ya London walifuatilia kazi ya wasaidizi katika shule za England na Wales. Waligundua jambo lililowashangaza wengi: watoto waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walisonga mbele polepole kuliko wenzao wa kiwango kilekile waliosaidiwa kidogo. Wasaidizi hawakuwa watu wabaya. Walikabidhiwa watoto wenye shida zaidi bila kuandaliwa, bila muda wa kuzungumza na mwalimu kabla ya somo, na wakawa wanawamalizia watoto kazi ili ionekane imekwisha. Yaani mtoto anayemhitaji mwalimu zaidi ndiye aliyemkosa. Niliposoma hayo nilifikiria klasi yangu, nikaona haya.

Maana tangu gratuité ya primeri, yaani kusoma bila malipo, ianze, mwezi wa tisa 2019, sisi tunajua klasi iliyojaa ni nini. Mwaka ule nilitoka watoto 48 nikafika 83. Benchi la watu watatu likabeba watano, na wa pembeni anaandika nusu ya mwili iko hewani. Sikatai gratuité. Katiba yetu ya 2006 iliiahidi kwenye kifungu cha 43, na nina wanafunzi ambao bila hiyo wangekuwa sokoni. Lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto 83 anahitaji mkono wa pili. Katika shule za serikali nilizopita, mkono huo hauna nafasi kwenye orodha ya mishahara. Hata mwalimu mwenyewe, aliyesomea, anaweza kukaa miaka akiitwa nouvelle unité, anafundisha kila siku bila serikali kumlipa. Sasa msaidizi atapitia wapi? Kazi iko kwenye shule za binafsi, zaidi kwenye maternele, na malipo yanatoka mfukoni mwa wazazi. Jua hilo kabla hujachagua cheti. Ukipata kazi ya usaidizi leo, kesho utataka kupanda, na ngazi ya kupandia kwetu inaanzia kwenye diploma ya serikali.

Kwa hiyo, kwa kijana aliyemaliza mwaka wa nane na anajua moyoni kwamba anapenda watoto, sina mzunguko: ingia pedago, sehemu ya sekondari inayoandaa walimu. Miaka minne, mtihani wa serikali, umemaliza. Najua inavyosemwa mtaani, kwamba pedago ni ya walioshindwa hesabu na ya wasichana wanaongoja kuolewa. Waache waseme. Katika sehemu zote za sekondari, hiyo ndiyo inayokusimamisha mbele ya watoto wa kweli ukiwa na miaka 17, na fishi ya maandalizi mkononi, na wenzako wote nyuma wakingoja kritiki.

Ah, kritiki! Somo langu la kwanza la majaribio lilikuwa kutoa kwa kukopa. Nilikuwa nimeandaa vijiti, nimefunga makumi kwa mpira, nimeandika fishi mara tatu kwa wino wa bluu. Somo likaisha, watoto wakatoka, wenzangu wakaanza. Mmoja: umetupa mgongo muda mrefu ukiandika ubaoni. Mwingine: sauti inazama mwisho wa sentensi. Mwingine: vijiti vilikuwa vizuri ila umevishika wewe tu. Mwalimu wetu akangoja wamalize wote, akasema: "Mtoto wa benchi la tatu, upande wa dirisha, aliinua mkono mara tano. Ulimwona?" Sikumwona. Mpaka leo nikiingia klasi, macho yangu yanaanzia dirishani. Hakuna maswali ya kuchagua jibu yatakayokufundisha hilo.

Aliyekwisha kuchukua diploma ya sehemu nyingine, kama huyu wetu aliyesoma commerciale, hawezi kurudi nyuma miaka minne. Wengi wanamtuma ISP, chuo cha juu cha ualimu. Ni njia nzuri, na kwa mfumo mpya wa masomo ya chuo, LMD, lisansi ni miaka mitatu, si mitatu ya gradua kisha miwili juu yake kama zamani. Lakini ISP imejengwa zaidi kutoa walimu wa sekondari. Staji yako, yaani mazoezi ya kufundisha, huenda ukaifanya mbele ya vijana wenye ndevu, kumbe wewe unataka watoto wanaolia wakimkosa mama. Uliza idara kwanza, uliza staji inafanyikia wapi, ndipo ulipe minervali, ada ya chuo.

Ushauri wangu kwa mtu wa namna hiyo hauna mvuto, najua. Tafuta mwalimu mzuri, sikusema shule nzuri, mwalimu mzuri, uombe kwa direkta wake ukae klasini kwake mwaka mmoja, hata siku tatu kwa wiki. Omba ripoti iandikwe kila trimestri, na sahihi na mhuri wa shule. Juu ya hapo, ongeza mafunzo ya huduma ya kwanza, Croix-Rouge wanayatoa, maana siku mtoto atakapokabwa na punje ya karanga hakuna atakayekuuliza umesoma nadharia ya nani. Ukimpelekea direktrisi vitu hivyo viwili, swali lake lina jibu.

Ila weka mipaka kabla hujaanza. Niliwahi kufanya kazi kwenye shule ambayo "asistanti" ilikuwa neno la heshima kwa mtu wa kufagia. Msichana aliyepewa kwangu alitumwa sokoni saa ya kusoma, aliogesha watoto, alifunga milango jioni, na miezi mitatu alilipwa ahadi. Alipoondoka aliomba barua ya kuonyesha kwamba alifanya kazi pale. Hakupewa. Mambo ya namna hiyo yaandikwe mwanzoni: saa ngapi, klasi gani, nani anakuelekeza, na barua itatoka lini.

Kuna sifa moja ambayo sijaiona kwenye cheti chochote, na hapa Lubumbashi naiweka juu kabisa: lugha. Katika miaka ya kwanza ya primeri tunatakiwa kufundisha kwa lugha ya taifa, na kwetu ni Kiswahili, kabla ya Kifaransa kuchukua nafasi. Vizuri. Lakini Kiswahili gani? Kitabu kinasema watoto, maji, vikombe, yaani kile tunachoita Swahili bora. Mtoto anatoka nyumbani akisema batoto, mayi, bikombe. Bei za sokoni anazisikia kwa Kifaransa, kwa hiyo anajua "cinq cents" kabla ya kujua mia tano. Nyumbani bibi anaongea Kibemba au Kiluba. Mtoto kama huyo akinyamaza klasini, mara nyingi si mjinga, anatafuta tu neno la kitabu ni lipi. Msaidizi anayeweza kuinama sikioni na kumwambia "ni mayi ile ile" amefanya kazi kubwa kuliko mimi niliyerudia sentensi mara sita kwa sauti. Nawaambia wasichana: someni kitabu cha mwaka wa kwanza, kurasa zote, kabla ya kusoma saikolojia. Wananiangalia kama nimezeeka.

Mtoto wa dada yangu sasa anakuja kwangu asubuhi tatu kwa wiki, direkta amekubali. Mchana anarudi kwenye mega zake. Wiki ya kwanza alikuwa na kosa lilelile walilolikuta kule England: kuna kijana mmoja anayegeuza namba 4 kila anapoiandika, na yeye alikuwa anamshika mkono juu ya ardwazi, kibao cha kuandikia, anamwandikia, nne inatoka nzuri, wote wawili wanatabasamu. Nikaandika kwenye daftari langu, nikamwonyesha wakati wa mapumziko. Hakufurahi. Aliniambia nimekuwa kama yule direktrisi.

Alhamisi nilimwona amesimama kando ya benchi lile, mikono ameifunga nyuma ya mgongo kama askari. Kijana akaandika nne imegeuka. Akaitazama, akamtazama yeye, hakuna mkono uliokuja. Akaifuta kwa mate na kiwiko, akaandika tena, imegeuka tena. Akafuta. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzake 60 na kitu wakamwagika mlangoni, na wale wawili wakabaki palepale, mmoja anafuta, mwingine anauma midomo.