Sola nyumbani: nani inamlipa Uganda, na nani bado

Bwawa la Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Mwaka huohuo Arua, mji wa kaskazini-magharibi uliokuwa umekaa miaka mingi ukitegemea jenereta na kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak, ukaunganishwa na gridi ya taifa. Aprili 2025 UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua usambazaji baada ya miaka 20 ya kampuni binafsi ya Umeme Limited. Ndiyo maana wengi wanauliza, na wana haki: kama umeme umefika, sola ya nini?

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo watu hudanganywa. Chukua nyumba yenye yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, inayotumia yuniti 60 kwa mwezi: taa, televisheni, friji ndogo, simu. Kwa bei za mwaka 2025, yuniti 15 za kwanza ni shilingi 250 kila moja, zinazofuata ni zaidi ya 700. Ukiweka na kodi unafika kama 45,000. Sasa tuseme fundi anakufungia paneli za wati 600, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri utumike nyumbani) na betri ya lithiamu kwa milioni nne na nusu, mfumo wa kubeba mzigo huohuo. Hiyo ni miezi 100 kabla pesa yako haijarudi, zaidi ya miaka minane, na hapo uombe inveta isiungue. Muuzaji anayekuahidi kwamba itajilipa ndani ya mwaka mmoja anapiga debe tu.

Ila hesabu hiyo inafaa pale ambapo umeme haukatiki. Mtazame kinyozi wa Oli, Arua, Jumamosi jioni. Mashine yake ya kunyolea inakula wati chache mno, pungufu ya taa nyingi za zamani. Umeme ukikatika saa kumi na mbili, wateja waliopanga foleni wanasubiri kidogo, kisha wanaondoka mmoja mmoja, na kesho hawarudi kwa sababu wameshanyolewa kwingine. Kwake paneli ya wati 100 na betri ndogo hailinganishwi na bili ya yaka. Inalinganishwa na vichwa anavyopoteza kila giza likiingia, na ushindi wake hauna ubishi. Anayeuza samaki wa friza ana shida ileile, lakini friza inakula usiku kucha, na betri ya kuibeba ni ghali. Huyo asikimbilie.

Kijijini ambako nguzo hazijafika, mimi sioni mjadala. Mafuta ya taa yanakohoza watoto, na kuchaji simu senta ni pesa inayotoka kila wiki. Ninachohofia ni namna ya kulipa. Mifumo mingi huuzwa kwa mkopo wa kidogo kidogo kupitia simu: siku ulizolipia zikiisha, taa inajifunga. Mkulima wa kahawa au simsim hupata pesa msimu wa mavuno, lakini deni linadai kila siku, hata miezi ya njaa. Jumla yake pia huzidi bei ya taslimu. Anayeweza kuweka akiba anunue kidogo kwa taslimu, aongeze paneli baadaye.

Kuhusu betri, za asidi ni rahisi dukani, lakini hazitaki kushushwa chini ya nusu ya chaji. Nyumbani nani anahesabu? Televisheni inawaka mpaka izime yenyewe, na baada ya miaka miwili hivi betri imekufa. Lithiamu ni ghali zaidi, lakini inavumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa. Pasi, birika na jiko viachiwe yaka.

Kisha kuna paneli za uongo. Nenda dukani na futi kamba. Paneli nzuri ya leo hutoa takriban wati 200 kwa mita moja ya mraba, basi ukiona kibandiko cha wati 300 kwenye paneli isiyofika hata mita moja ya mraba, usilipe. Lakini mama aliyeuza mbuzi wake ili watoto wasome usiku hapaswi kulazimika kujua hesabu hii. UNBS, shirika la viwango la Uganda, ndiyo yenye kazi ya viwango nchini, na bidhaa hizi zinapita mipakani, Malaba na Busia. Zipimwe huko, kabla hazijafika mikononi mwake.